Vyuo vya Marekani sasa vinawalipa wanamichezo: Ufadhili wa masomo utabaki vilevile?

Kwa miaka mingi, kijana wa Afrika Mashariki aliyekwenda kukimbia katika chuo cha Marekani alijua makubaliano yalivyo. Atasoma bila kulipa karo, atalala na kula bila kulipa, lakini mshahara hapati. Akishinda, sifa ni zake na fedha za mlangoni ni za chuo.

Tangu tarehe 1 Julai 2025 mambo yamebadilika. Vyuo vikuu vya Marekani vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao fedha moja kwa moja kutoka kwenye mapato ya chuo.

Ukiisikia habari hii kwa dakika mbili redioni, unaweza kudhani ni neema kwa kila mtu. Lakini fedha zinazolipwa upande mmja lazima zitoke upande mwingine. Katika makala hii tunaeleza utaratibu huu ulivyoanza, unavyogusa ufadhili wa masomo, usakaji wa vipaji na usawa wa ushindani, na kwa nini mzazi mwenye mtoto anayekimbia vizuri huku kijijini anapaswa kuufahamu.

Kwanza, michezo ya vyuo Marekani ikoje?

Huku kwetu timu ya chuo hucheza mbele ya wanafunzi wenzao na majirani wachache. Marekani michezo ya vyuo ni biashara kubwa. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam unachukua watu 60,000.

Chombo kikuu kinachosimamia michezo hiyo kinaitwa NCAA. Kilianzishwa mwaka 1906, na leo kina vyuo wanachama zaidi ya 1,000 na wanamichezo zaidi ya 500,000. Vyuo hivyo vimegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ndilo lenye fedha nyingi. Daraja la tatu halitoi kabisa ufadhili kwa sababu ya michezo.

Fedha kubwa zinatoka kwenye televisheni. Mwaka 2010 NCAA iliuza haki za kuonyesha mashindano yake ya mpira wa kikapu ya wanaume kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Mwaka 2022 umoja mmoja tu wa vyuo, unaoitwa Big Ten, ulitia saini mikataba ya televisheni yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, hata kumzidi gavana, ni kocha wa chuo.

Kwa nini wachezaji hawakulipwa?

NCAA iliruhusu ufadhili wa masomo kwa kigezo cha michezo mwaka 1956. Ilisisitiza kwamba mchezaji ni mwanafunzi kwanza, anacheza kwa kupenda, na malipo yake ni elimu.

Msimamo huo ulikuwa na faida kwa vyuo mbele ya sheria. Mwaka 1955 mchezaji aitwaye Ray Dennison, wa chuo kimoja cha jimbo la Colorado, alifariki baada ya kuumia kichwani mchezoni. Mjane wake aliomba fidia kama ile anayolipwa mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ilikataa. Ilisema kucheza kwake hakukuwa ajira.

Ukuta huo ulianza kupata nyufa mahakamani. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyekuwa nyota wa mpira wa kikapu wa chuo cha UCLA, alifungua kesi kwa sababu sura yake ilitumika katika mchezo wa video bila yeye kulipwa. Mwaka 2014 alishinda sehemu kubwa ya kesi hiyo. Mwezi Juni 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba NCAA haiwezi kuvizuia vyuo kuwapa wachezaji manufaa zaidi yanayohusu masomo.

Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai 2021, NCAA ilifungua mlango wa pili. Mchezaji aliruhusiwa kupata fedha kwa kutumia jina na sura yake. Anaweza kutangaza viatu, kusaini picha au kulipwa na duka la mjini kwake. Wafuasi matajiri wa timu wakaanzisha vikundi vya kuchanga fedha na kuwapa wachezaji kwa jina la matangazo. Kwa nje ilikuwa biashara ya matangazo, kwa ndani ilikuwa njia ya kuvutia wachezaji.

Mlango wa tatu ni huu wa sasa. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House, iliyopewa jina la mwogeleaji Grant House. Mambo makuu katika makubaliano hayo ni manne:

1. Wanamichezo waliocheza kuanzia mwaka 2016 watagawiwa takriban dola bilioni 2.8 kama fidia, kwa muda wa miaka kumi.

2. Kila chuo kinachojiunga na utaratibu huu kinaweza kuwalipa wanamichezo wake wote kwa pamoja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo 2025/2026. Kiwango hicho kitapanda mwaka hadi mwaka.

3. Ukomo wa idadi ya ufadhili katika kila mchezo umeondolewa. Badala yake umewekwa ukomo wa idadi ya wachezaji katika timu.

4. Mkataba wa matangazo wa dola 600 au zaidi na mtu wa nje lazima uripotiwe na kukaguliwa, ili ionekane kama ni biashara ya kweli.

Jambo moja halikuamuliwa. Makubaliano hayasemi kwamba mchezaji ni mwajiriwa. Analipwa, lakini hana haki za mfanyakazi.

Ufadhili wa masomo umeguswaje?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Zamani NCAA ilisema kila mchezo una ufadhili kiasi gani. Kwa riadha na mbio za nyika za wanaume, daraja la kwanza, chuo kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 12.6 tu. Timu ilikuwa na wanariadha thelathini au zaidi, kwa hiyo kocha aligawanya kama mama anavyogawa chakula kwa watoto wengi. Huyu asilimia 80, yule 40, mwingine vitabu tu. Wengine walijilipia kila kitu na kukimbia kwa matumaini.

Sasa chuo kilichojiunga na utaratibu mpya kinaweza kumpa ufadhili kamili kila mwanariadha aliye ndani ya timu. Ukomo ni watu 45 kwa riadha na 17 kwa mbio za nyika. Futiboli ya Kimarekani, iliyokuwa na ufadhili 85, sasa inaweza kuwa na wachezaji 105, wote wakifadhiliwa.

Kwenye karatasi hilo ni ongezeko kubwa, lakini tuangalie maneno "kinaweza kumpa". Chuo kinaruhusiwa, hakilazimishwi. Tena, ufadhili mpya unaoongezwa huhesabiwa ndani ya zile dola milioni 20.5, hadi kufikia dola milioni 2.5. Mkuu wa michezo wa chuo akiongeza ufadhili kwa wakimbiaji, anapunguza fungu la kuwalipa wachezaji wa futiboli wanaojaza uwanja. Ni rahisi kukisia atachagua nini.

Kundi lililoumia mara moja ni lile la waliojilipia. Timu kubwa za futiboli zilikuwa na wachezaji zaidi ya 105, na timu za kuogelea na riadha nazo zilikuwa na vijana wengi wa ziada. Ukomo ulipokuja, walianza kuondolewa hata kabla hukumu haijatoka. Jaji alisita kuidhinisha makubaliano mpaka iwekwe kinga kwa waliopoteza nafasi kwa sababu hiyo, ili wakirudishwa wasihesabiwe kwenye ukomo. Lakini kinga hiyo inaruhusu chuo kuwarudisha, haikilazimishi.

Usakaji wa vipaji umebadilikaje?

Zamani kocha alikwenda nyumbani kwa kijana na kuzungumza na wazazi kuhusu masomo, uwanja mzuri na nafasi ya kuonekana. Sasa swali la kwanza mezani mara nyingi ni fedha kiasi gani, na anayejibu si kijana, ni wakala wake.

Badiliko la pili ni uhamisho. Mwaka 2018 NCAA ilianzisha orodha ya mtandaoni ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandika jina lake. Mwaka 2021 iliruhusu mchezaji wa mchezo wowote kuhama mara moja bila kukaa mwaka mzima nje ya uwanja. Mwaka 2024 iliruhusu kuhama mara nyingi, mradi awe anafaulu masomo.

Ukichanganya uhamisho huru na fedha, unapata soko. Kocha mwenye nafasi chache hujiuliza: nimchukue kijana wa sekondari wa miaka 18 nimlee kwa miaka miwili, au nimchukue wa miaka 21 kutoka chuo kingine ambaye tayari ameiva? Wengi wanamchagua aliyeiva. Kwa hiyo nafasi za vijana wanaotoka sekondari zimebana, na chuo kidogo kinacholea mchezaji kinaweza kumpoteza msimu unaofuata.

Na ushindani? Wakubwa watawameza wadogo?

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu, kwa sababu kuna ushahidi wa pande zote mbili.

Wanaopinga malipo wanasema vyuo tajiri vitanunua kila mchezaji mzuri. Wana mfano. Katika mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ya mwaka 2022, chuo kidogo cha Saint Peter's cha New Jersey kilifika robo fainali na kuwashangaza wote. Mwaka 2025 hali ilikuwa tofauti. Timu zote 16 zilizofika hatua ya 16 bora zilitoka katika miungano minne tajiri, na saba kati yake zilitoka katika muungano mmoja, SEC. Nusu fainali zote zilichezwa na timu zilizokuwa zimepangwa namba moja katika makundi yao.

Wanaounga mkono wanajibu: usawa gani mnaoulilia? Chini ya kocha Nick Saban, Alabama ilitwaa ubingwa wa futiboli mara sita kati ya msimu wa 2009 na wa 2020, wakati hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kulipwa. Vyuo tajiri vilikuwa vikishindana kwa makocha ghali na majengo ya kifahari. Mchezaji ndiye pekee aliyezuiwa kupata sehemu yake.

Nao wana mifano. Indiana ilimaliza msimu wa 2023 ikiwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 9. Kocha mpya akaja na wachezaji waliohama kutoka vyuo vingine, na msimu wa 2024 wakashinda 11 na kupoteza 2. Mwezi Oktoba 2024, Vanderbilt iliifunga Alabama, iliyokuwa namba moja nchini, kwa pointi 40 kwa 35. Mchezaji wake muhimu, Diego Pavia, alikuwa amehamia kutoka New Mexico State.

Tunachokiona ni kwamba ndani ya kundi la matajiri ushindani umekuwa mpana zaidi, kwa sababu bingwa hawezi tena kuwaweka wachezaji wazuri kwenye benchi kwa miaka mitatu. Lakini pengo kati ya kundi hilo na vyuo vidogo limeongezeka. Mwezi Machi 2025, siku chache baada ya timu yake ya mpira wa kikapu kucheza mashindano ya taifa, chuo cha Saint Francis cha Pennsylvania kilitangaza kwamba kitaondoka daraja la kwanza na kwenda la tatu, kule kusikotolewa ufadhili wa michezo.

Michezo isiyoingiza fedha

Katika vyuo vingi futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume ndivyo vinavyolisha michezo mingine. Mapato hayo yakianza kulipa mishahara, kuogelea, tenisi na riadha vinabaki na makombo. Mwezi Machi 2025 chuo cha Cal Poly cha California kilifuta timu zake za kuogelea na kupiga mbizi, na kilitaja gharama za makubaliano ya House miongoni mwa sababu.

Wanawake nao wana malalamiko. Sheria ya mwaka 1972 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali, na ndiyo iliyofungua milango ya michezo kwa wasichana wa Marekani. Lakini sehemu kubwa ya fidia ya dola bilioni 2.8 imepangwa kwenda kwa wanaume wa futiboli na mpira wa kikapu. Baadhi ya wanamichezo wanawake walikata rufaa mara tu makubaliano yalipoidhinishwa.

Haya yanatuhusu nini sisi?

Yanatuhusu kwa sababu njia hiyo imepitiwa na watu wetu kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya aliweka rekodi nne za dunia katika siku 81 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma Texas El Paso, akatwaa mataji ya vyuo, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Sally Kipyego alishinda mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech na akasomea uuguzi. Edward Cheserek alifikisha mataji 17 akiwa Oregon. Mwaka 2024 Doris Lemngole wa Kenya, mwanafunzi wa Alabama, alikuwa bingwa wa mbio za nyika wa wanawake.

Njia hiyo haijafungwa, ila imekuwa nyembamba. Washington State, chuo kile cha Rono, mwaka 2025 kilitangaza kuondoa michezo ya kurusha na kuruka na kupunguza mbio fupi, kibaki zaidi na mbio ndefu. Kwa mkimbiaji wa mita 10,000 hilo linaweza kuwa jambo jema. Kwa kijana wa kurusha mkuki, mlango mmoja umefungwa.

Kuna suala la viza pia. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya F-1, ambayo inabana sana kufanya kazi. Muda wa masomo anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki, na kazi ya nje huhitaji kibali. Sheria hiyo iliandikwa kabla malipo haya hayajakuwapo, ndiyo maana vyuo vingi vinasita kuwalipa wageni. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky, lakini hakuweza kufanya matangazo kwa uhuru kama wenzake Wamarekani. Timu yake ilipokwenda Bahamas mwezi Agosti mwaka huo, ndipo alipofanya kazi za matangazo, nje ya mipaka ya Marekani.

Kwa hiyo mtu akikuambia mwanao atakwenda kukimbia chuoni na kutuma maelfu ya dola nyumbani, muulize kwa viza gani. Kwa mwanafunzi wetu, mali kubwa bado ni ileile ya zamani: elimu bila deni.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kuuza ng'ombe

Ufadhili hutolewa na chuo chenyewe, kwa maandishi. Wakala hana ufadhili wa kuuza. Barua ya kweli inataja jina la chuo, kiasi na muda.

Uliza ni asilimia ngapi. Ufadhili wa nusu maana yake nusu nyingine ni ya kwako, kwa dola, kila mwaka.

Uliza itakuwaje akiumia, au kocha akihama. Uliza ufadhili ni wa mwaka mmoja au zaidi. Jibu liwe kwenye karatasi, lisiwe la mdomo.

Tunza vyeti halisi vya sekondari. NCAA ina kitengo kinachokagua matokeo ya masomo, na mbio nzuri haziwezi kufuta alama mbaya.

Asisaini mkataba wowote wa klabu au wakala kabla ya kuuliza chuo. Mkataba wa kulipwa unaweza kumletea maswali juu ya sifa zake za kushindana.

Chuo kikimkubali, kitamtumia fomu inayoitwa I-20. Bila fomu hiyo hawezi kuomba viza ya F-1. Anayekupeleka ubalozini bila I-20 anakupotezea fedha.

Na usidharau vyuo vidogo. Nje ya NCAA kuna chama kingine kiitwacho NAIA, na kuna vyuo vya miaka miwili, ambavyo pia hutoa ufadhili. Wapo wanaoanzia huko na kuhamia vyuo vikubwa.

Wamarekani wataendelea kubishana kama mchezaji ni mwanafunzi au mfanyakazi. Sisi tunaofuatilia kutoka huku tunaweza kusema hivi: kumlipa anayejaza uwanja ni haki, na ni vigumu kuitetea miaka yote ambayo hakulipwa. Lakini fungu ni lilelile, na anayekaa mwisho wa foleni ni yule ambaye mchezo wake hauonyeshwi kwenye televisheni. Wengi wa watoto wetu wamo katika kundi hilo, kwa hiyo wajiandae vizuri zaidi, muda wao wa mbioni ukiwa mzuri na cheti cha shule kikiwa mkononi.